Umekosa fildi, umeangukia Paje: maneno kwa vijana wa sola

Kila mwaka vyuo vikifunga na kusi ikishika, wanakuja. Barua ya kuomba fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, imejibiwa "nafasi zimejaa", shangazi ana chumba Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, rafiki anafundisha kaiti (kuteleza majini kwa ubao ukivutwa na tiara kubwa) hapo Paje, basi kijana wa umeme mwaka wa pili anashuka kwenye daladala na begi na multimita ya bei poa. Mchana anafunga paneli kwenye mabanda ya ufukweni, jioni yuko majini. Hakupanga, na si vibaya hata kidogo: upepo uleule unafundisha kazi mbili. Ila makosa mnayofanya ni yaleyale ya waliowatangulia, na yanachosha, wadogo zangu.

1. Maji kwanza, upepo baadaye. Kusi ya Julai inaweza kuvuma kutwa, lakini siku za bamvua maji ya Paje yakitoka, yanatoka kweli. Kinachobaki ni mchanga, madimbwi, na vigingi na kamba za mwani. Zile kamba ni shamba la mtu. Kina mama wamezifunga moja moja, na ukizikata kwa ubao utalipa pesa na kusemwa juu. Saa za maji husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya juzi usiitumie leo. Maji yakiwa nje, panda bati ukafanye kazi. Yakirudi, teremka.

2. Upepo ukiongezeka mara mbili, mvuto wa kaiti unaongezeka mara nne. Ndiyo maana aliyetoka asubuhi na kaiti ya mita za mraba 12 kwenye upepo wa noti 12 (kama mita 6.2 kwa sekunde) akacheka, alasiri noti zikikaribia 24 ananyanyuliwa kama kishada. Shuka hadi mita 9 au 7 mapema. Na ukiwa bado nchi kavu jaribu kifyatuo cha usalama, kile kinachoiachia kaiti ikikuzidi, maana mchanga ukiingia kinakwama, na hutagundua mpaka siku unapokihitaji.

3. Waya. Hapa naomba mkae chini.

Banda la kaiti linataka friji dogo la volti 12, wati 60, kwa ajili ya maji na soda. Betri iko stoo, friji iko baa, katikati mita 30. Kijana anachukua waya wa mbili na nusu, yaani shaba ya milimita za mraba 2.5, kwa sababu ndio uliopo dukani na ndio aliozoea kwenye soketi za nyumbani. Anaunganisha, friji linawaka, anapigwa picha.

Usiku friji linaanza: tik, linanguruma sekunde chache, linazima. Baada ya muda, tik tena. Asubuhi soda ni za moto. Kijana anapima betri stoo, anaona 12.2, anakuna kichwa, anasema betri imechoka. Mwenye banda anatoa pesa ya betri mpya. Betri mpya inakuja, mchana paneli zinaibeba, kila mtu anafurahi, usiku: tik.

Piga hesabu. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita 30 ni mita 60 za shaba. Zidisha 60 kwa 0.0175 (ukinzani wa shaba kwa kila mita ya waya wa milimita moja ya mraba), gawa kwa unene wa waya, 2.5: omu 0.42. Zidisha kwa ampea 5: volti 2.1 zimeishia njiani. Betri inatoa 12.2, friji linapokea 10.1. Makompresa (mota za kupoza) mengi ya friji za aina hii yamewekwa yajikate karibu na volti 10.4 ili kulinda betri, basi linajikata. Likishajikata hakuna umeme unaopita, upungufu unatoweka, friji linaona 12.2 na kuamini mambo yametengemaa, linawaka tena. Friji halina kosa, na betri ya zamani mliyoitupa nayo haikuwa na kosa.

Kipimo chake ni dakika moja: pima volti kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye friji, friji likiwa linafanya kazi. Ukipima limezima utaona namba nzuri za uongo. Upungufu usizidi asilimia 3 ya volti za mfumo. Dawa ya kwanza ni kusogeza betri: zikibaki mita 5, waya uleule unapoteza volti 0.35 tu. Haiwezekani? Weka waya wa 16. Kama friji linakubali volti 24, panga betri mbili mfululizo na waya wa 4. Ampea zinashuka hadi 2.5 na unaokoa shaba nyingi. Mnajua kanuni ya Ohm tangu sekondari, jamani. Sijui kwa nini mnaiacha getini.

4. Wiki ya pili kila mmoja wenu anataka kutengeneza mashine ya upepo kwa bomba la plastiki, kwa kuwa ameshaonja nguvu ya kusi mkononi. Mvuto unafuata kasi kwa kipeo cha pili, lakini wati za upepo zinafuata kasi kwa kipeo cha tatu: kasi ikiwa nusu, wati zinabaki moja ya nane. Mashine iliyoandikwa wati 400 kwa mita 12.5 kwa sekunde, ikipata noti 12, yaani kama mita 6.2, inatoa takriban wati 49. Kwa noti hizo mwenye kaiti kubwa anafurahi. Betri yako hapana. Halafu kati ya kusi na kaskazi upepo unalegea, na chumvi inakula beringi. Paneli ya wati 200 itakulisha kwa uhakika zaidi. Ukitaka kujifunza, tengeneza, lakini usimuuzie mtu.

5. Vidogo vidogo. Chaji kontrola, kifaa kinachosimamia uchaji wa betri kutoka kwenye paneli, iunganishwe na betri kwanza, paneli baadaye. Kufungua ni kinyume chake. Huku tuko kusini mwa ikweta, paneli itazame kaskazini, msiige video za Ulaya. Mwinamo wa digrii 10 hadi 15 unatosha mvua ioshe chumvi. Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, hizi za kawaida hazimalizi misimu miwili. Fyuzi inakaa kwenye chanya, karibu kabisa na betri, si kule kwenye friji: inalinda waya, na waya unaanzia betrini.