Maswali yenu: zuio la mahakama kwa wachafuzi wa mazingira

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu zuio, yaani amri ya mahakama ya kumtaka mtu aache jambo fulani. Nimechukua machache, yale ya "eti wakili anaitisha shingapi" mtanisamehe, kamuulizeni wakili.

Swali: Kiwanda cha jirani kilisimamishwa na NEMC (baraza la taifa la mazingira), sasa usiku mashine zinaunguruma na maji meusi yanatoka mtaroni kama kawa. Tukienda mahakamani tutapata nini cha zaidi? (Vingunguti)

Mtapata meno. NEMC wana mamlaka yao, wanatoa amri, wanapiga faini, wanafunga, ila mwenye kiwanda akipiga hesabu akaona faini ni ndogo kuliko hasara ya kusimama si analipa tu na anawasha mashine. Zuio la mahakama ukilivunja, mali zako zinaweza kukamatwa na wewe mwenyewe ukawekwa ndani kama mfungwa wa madai (si wa jinai) hadi miezi 6. Ndo maana kila siku naimba humu, NEMC wakikutana na kichwa ngumu wasiishie kwenye risiti ya faini, waende wakaombe zuio.

Na nyie msije na hasira tupu. Jaji hakai Vingunguti, harufu haimfikii, anachosoma ni kiapo, yaani maelezo yenu ya maandishi mliyoyaapia. Pigeni video ya huo mtaro usiku tarehe ionekane, tunzeni nakala ya barua ya malalamiko yenye muhuri wa serikali ya mtaa, mwenye mtoto anayekohoa aje na cheti cha zahanati. Mtaa mzima unalia kwenye grupu la WhatsApp halafu wa kusaini kiapo hapatikani hata mmoja, hii tabia inanikera sana.

Swali: Lazima niwe nimeathirika mimi mwenyewe? (Mbezi)

Hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamruhusu mtu yeyote.

Swali: Tumepata zuio, kesi si ndo imeisha? (Tegeta)

Jamani! Hili nimelijibu mpaka nimechoka. Zuio la muda ni la kushikilia hali wakati kesi inasikilizwa, linatolewa kwa muda usiozidi miezi 6, likiongezwa jumla haivuki mwaka. Mkilala, linakufa lenyewe na mchafuzi anarudi kazini. Tena hata kulipata kuna masharti, tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969 ni yaleyale matatu: kuwe na hoja ya maana ya kubishaniwa, madhara yawe ya aina ambayo pesa haiyafidii, na wewe ndo uonekane utaumia zaidi zuio likikosekana. Mmejenga kesi yenu mkasahau hilo la pili? Basi.

Swali: Halmashauri inamwaga taka karibu na shule, tuwawekee zuio? (Tunaomba tusitaje mtaa)

Hapa pagumu. Serikali unaipa notisi ya siku 90 kwanza, na tangu marekebisho ya 2020 halmashauri nazo zimo humo. Isitoshe kwenye shauri la kawaida mahakama haitoi zuio dhidi ya serikali, inatamka haki zenu tu. Wakili mzuri ataomba zuio la Mareva, lile la kabla kesi haijafunguliwa, wakati notisi inahesabu siku, ila majaji hawalitoi kirahisi.

Watu wa Tabata waliwahi kushinda lakini, enzi za kabla ya marekebisho hayo. 1988 Mahakama Kuu ililiambia Jiji la Dar es Salaam liache kumwaga taka pale, Jiji likarudi kuomba liongezewe muda, Jaji Lugakingira akashangaa, hajawahi kusikia mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Safi. Sasa taka zilienda wapi? Kunduchi Mtongani, nako wakazi wakashitaki 1991 wakashinda, zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, leo ziko Pugu Kinyamwezi. Kwa hiyo mkienda, msiombe tu "waache hapa", ombeni na amri ya kuwalazimisha watenge dampo linalofaa, la sivyo mnawatupia wenzenu wasio na hela ya wakili.

Swali: Baa inapiga muziki mpaka asubuhi. (Sinza)

Serikali ya mtaa, kisha NEMC. Mahakama baadaye. Na yule kishoka wa nje ya mahakama anayekuahidi "zuio la leo leo" usimpe hata nauli.