Asome, lakini akajifunze kupima

Swali la wiki hii limeletwa na mama ambaye binti yake amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa CBG (kemia, biolojia na jiografia), na anataka kusoma shahada ya sayansi ya mazingira. Mama anauliza: hiyo ni kazi ya kumlisha mtu, au ni kwenda kujifunza kupanda miti miaka mitatu? Mimi nimeisoma shahada hiyo, naishi hapa Kigoma, na swali hilo aliniuliza baba yangu karibu kwa maneno hayo hayo. Asome, mama. Ila nivumilie nikueleze anakwenda kusoma nini hasa.

Wengi tulioanza pamoja tulidhani kuyapenda mazingira kunatosha. Muhula wa kwanza ukatupokea na kemia, hisabati na takwimu, na wenzetu kadhaa wakahama kozi kabla mwaka haujaisha. Kilichonibakiza ni swali nililotoka nalo nyumbani. Baba ni mvuvi wa dagaa. Tangu niko shule ya msingi nilimsikia akisema upepo wa kiangazi siku hizi haulikorogi ziwa kama zamani, na ziwa lisipokorogwa dagaa wanaadimika. Sisi watoto tulichukulia ni manung'uniko ya mtu aliyekesha na karabai akarudi na ndoo tupu.

Mwaka wa pili mwalimu akachora Ziwa Tanganyika ubaoni na kusema jambo lile lile la baba. Maji ya juu yanapigwa na jua, yanakuwa mepesi, yanaelea juu ya maji ya chini ambayo ni ya baridi kidogo na mazito. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, hakuna ziwa linalolishinda duniani ila Baikal la Urusi, kwa hiyo yale maji ya chini kabisa karibu hayapandi. Viumbe wakifa wanazama, na rutuba inazama nao. Sehemu ya rutuba hiyo inarudishwa juu na upepo wa kusini unaovuma kati ya Mei na Septemba. Ikipanda, mwani unaota, vijidudu wanakula mwani, dagaa wanakula vijidudu, migebuka wanakula dagaa. Sasa dunia ikizidi joto, tabaka la juu linazidi kuwa jepesi na linazidi kuwa gumu kukorogeka. Mwaka 2003 watafiti walichapisha vipimo vya ziwa hili hili: maji yamepata joto, upepo umepungua nguvu, na mwani umepungua. Jioni ile nilimpigia baba simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Wao walijuaje bila kuvua?"

Walipima, mama. Hicho ndicho binti anachokwenda kujifunza, na ndicho ninachotaka akishike.

Mara ya kwanza nilipopima oksijeni mwenyewe ilikuwa ndani ya mtumbwi wa baba. Tulishusha chombo cha kuchotea maji kwa kamba yenye alama, mara moja juu juu, mara nyingine hadi mita 200. Maji yanaingizwa polepole kwenye chupa yenye kizibo cha kioo, bila kuachia hata povu moja la hewa, kisha unatia kemikali mbili, kidogo kidogo, unafunga, unapindua chupa mara kadhaa. Chupa ya maji ya juu ilitanda wingu la kahawia, rangi ya chai ya maziwa, likaanza kutulia chini. Chupa ya mita 200 ilibaki na wingu jeupe kama maji ya mchele. Kahawia maana yake kuna oksijeni. Jeupe maana yake hakuna. Baba alizishika zote mbili, moja kila mkono, akaziangalia muda mrefu. "Kwa hiyo samaki wetu wote wako humu juu tu," akasema.

Chupa hizo nimezibeba hadi mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki. Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, watu walikuwa na hasira, na hasira yao naielewa, maana nyumbani kwetu pia sufuria ilikuwa ikingoja dagaa wale. Niliwaonyesha rangi mbili mbele ya macho yao, waone kwamba samaki wana lile tabaka la juu tu la kuishi. Si wote waliokubali, lakini mazungumzo yalibadilika: tukaanza kujadili dagaa wanazaliana wapi na nyavu za macho madogo zinafanya nini, badala ya kutupiana lawama.

Sasa ajira. Sitakuficha, ni chache. Mimi mwenyewe naishi kwa kazi za mikataba, mwezi mmoja zipo, mwezi mwingine hakuna. Fildi yangu ya kwanza, yaani mafunzo ya vitendo, niliifanyia katika ofisi moja ambako kwa wiki nane nilitoa kopi na kupanga mafaili, sikugusa hata kipimajoto. Na nimewahi kupewa nisome ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wa huku kwetu, ukurasa wa katikati ukawa unazungumzia sangara. Ziwa Tanganyika halina sangara wa Ziwa Victoria! Mtu alinakili ripoti ya kwingine akabadilisha jina la ziwa. Iliniuma, kwa sababu wananchi wangeambiwa mtaalamu amekwishaangalia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Huku wengi waliiona sheria hiyo kama usumbufu, hadi miaka hii maji yalipopanda na kumeza nyumba na vibanda vya ufukweni. Ungekuwepo mtu wa kwenda na utepe wa kupimia na kuongea na watu kwa Kiswahili chao, mapema, labda baadhi wangejenga juu zaidi. Kazi ya namna hiyo haijai kamwe, hata pale nafasi za ofisini zinapojaa.

Kwa hiyo kabla hajajaza maombi, achunguze kozi ina saa ngapi za maabara na fildi yake inafanyika wapi. Kemia asiikimbie. Aende na swali la huko mnakoishi, liwe la mto, la kuni, la kisima, lolote linalowanyima usingizi.

Na mkiweza kufika Kigoma, njooni siku za giza, mwezi ukiwa haujatoka, ndipo wavuvi wanapotoka na taa. Baba amekubali kumchukua. Chupa ninazo.