Mwalimu, protini huijuaje DNA bila macho?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita hapa Mpwapwa. Tumefundishwa kwamba protini huishika DNA kama ufunguo na kufuli. Lakini herufi za DNA ziko ndani, zimeshikana mbili mbili. Je, protini huzifungua kwanza ndipo izisome?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mara nyingi haifungui chochote. Nyuzi mbili za DNA zikijisokota huacha mitaro miwili kwa nje: mmoja mpana, kama nanomita 2.2, mwingine mwembamba, kama 1.2. Kingo za herufi huchungulia humo. Herufi ni nne: A hushikana na T, G na C. Katika mtaro mpana kila jozi ina mpangilio wake wa atomi. A-T haifanani na T-A, wala G-C na C-G. Protini nyingi huingiza humo kipande chao kilichojiviringa, kikaenea barabara, kisha kikazishika kingo hizo kwa bondi za haidrojeni.

Mimi hupenda zaidi huo mwembamba, ambao vitabu vya shule huupita kimya. Humo A-T na T-A zinakaribia kulingana, kwa hiyo protini hutegemea umbo. Penye A kadhaa mfululizo mtaro hubanana zaidi na nguvu ya chaji hasi huongezeka. Arginini, asidi amino yenye chaji chanya, huvutwa ikazama humo.

Ndiyo maana mfano wa kufuli haunitoshi. Kufuli haipindi, DNA inapinda! Mwaka 1993, picha za eksirei zilionyesha protini iitwayo TBP ikiwa imekalia herufi TATA: imeupanua mtaro mwembamba na kuikunja DNA kama digrii 80. Mfuatano wa herufi usiokubali kukunjwa hivyo, TBP haiushiki vizuri.

Ukifika Soko la Majengo, Dodoma, tazama zabibu. Nyekundu hupata rangi pale protini ya kundi la MYB inapoishika DNA jirani na jeni za rangi na kuziwasha. Katika zabibu nyingi nyeupe, zamani kipande kirefu cha DNA kiliruka kikajipachika mbele ya jeni inayotengeneza protini hiyo, basi haitengenezwi. Jeni za rangi zipo, nzima kabisa, na mahali pa kushikwa papo. Mshikaji ndiye hayupo.