Safari ya Mauritius mwezi wa Januari
Dada, umeuliza kama Januari inafaa kumpeleka mama Mauritius, kwa kuwa umesikia huko ni majira ya joto. Joto lipo, lakini si kiangazi kikavu kama chetu: kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Sisi wa Kisumu tumezoea dhoruba ya jioni, ile inayowafanya wavuvi wa Dunga wavute mashua nchi kavu, ikanguruma kisha ikapita. Kimbunga, ambacho hakiumbiki karibu na ikweta, kinaweza kukitesa kisiwa kutwa nzima. Januari 2024 kimbunga Belal kilileta mafuriko Port Louis, magari yakasombwa barabarani. Tahadhari huko hutolewa kwa ngazi, ya 1 hadi ya 4, na ya 4 ikitangazwa tafadhali msitoke nje, hata upepo ukitulia ghafla, maana huenda ni jicho la kimbunga linalopita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Kama tarehe zinaweza kubadilishwa, mimi ningechagua Septemba au Oktoba.