Jibu: Makalavati yanaangukia juu ya nyumba kwenye ramani

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, orodha ya zamani ya makalavati na taa za barabarani mliyoiingiza kwenye QGIS (programu ya ramani ya kompyuta) haikubaliani na alama ambazo vijana wenu wamechukua kwa simu hapo Dar. Kalavati la mtaroni linatokea juu ya paa la mtu.

Usimtume mtu kupima upya kwanza. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, simu inatumia msingi mwingine, WGS 84. Zikiwekwa kwenye UTM kanda 37 Kusini (gridi ya mita inayotumika hapo Dar), tarakimu zinafanana mno, ndiyo maana hakuna anayeshtuka, lakini pengo ni kama mita 300. Chukua alama tano mnazozijua, ulinganishe. Zikiwa zimehama zote upande mmoja kwa umbali uleule, lipe faili la zamani msimbo wa EPSG 21037 (namba ya Arc 1960 kwa kanda hiyo ndani ya QGIS), kisha ulihifadhi upya kwa 32737 (ya WGS 84). Zikitawanyika ovyo, hapo kweli mtarudi uwanjani.

Mkirudi, pakeni nambari kwenye nguzo yenyewe. Msiingize jina la mtaa wala aina ya taa ndani ya nambari, maana hivyo hubadilika. Kwetu nguzo iliyogongwa na lori ilisimamishwa upya ikapewa nambari nyingine, na kumbukumbu zote za matengenezo yake zikapotea.

Ongezeni pia safu ya mmiliki, TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Kwenye makutano mamoja mnaweza kukuta taa za wote wawili. Thamani na uchakavu wa mali hizo sijawahi kushughulikia, muulize mhasibu wenu.

Ukishalinganisha, weka hapa tofauti za hizo alama tano tuzitazame.