Gari la umeme: jifunze kuachia aksileta

Anayetoka kwenye gari la petroli huja na mguu wa kulia uliozoea kukanyaga kwa makini na kuachia ovyo. Kwenye gari la umeme, kuachia nako ni kuendesha. Ukitoa mguu ghafla kwenye aksileta, mota inageuka jenereta: sasa magurudumu ndiyo yanayoizungusha, umeme unarudi kwenye betri, na gari linapungua mwendo kama vile umeshika breki. Abiria wanainama mbele, anayekufuata anashtuka, nawe unadhani gari lina hitilafu. Halina.

Kwa hiyo anza na kiwango cha chini cha breki ya mota, yaani huko kupungua mwendo unapoachia aksileta. Magari mengi yana viwango kadhaa, unavibadilisha kwenye skrini au kwa vitufe vilivyo nyuma ya usukani, kama kwenye Hyundai Ioniq 5. Mengine, kama Nissan Leaf yenye e-Pedal (kanyagio moja la kukimbiza na kupunguza mwendo), yanaweza kusimama kabisa bila wewe kugusa breki. Ni raha, lakini ni raha ya baadaye, mguu ukishatulia.

Mguu unatulia hivi: kisigino kikae sakafuni, kinachonyanyuka ni vidole tu. Tazama kipimo cha nguvu kwenye dashibodi. Ukiachia kidogo kidogo, kinashuka mpaka sifuri. Hapo gari linaserereka, halili umeme wala halirudishi. Ukizidi kuachia, kinaingia upande wa kuchaji na unahisi mkanda ukikugusa kifua. Tafuta barabara iliyo tupu, ujizoeze kukaa kwenye ile sifuri mpaka uipate bila kutazama dashibodi. Ukiweza hilo, mengine yote ni mepesi, na abiria wa nyuma hawatapata kichefuchefu.

Sasa nije kwenye jambo linalowapoteza wengi. Mtu akishaona umeme unarudi, anaanza kuusaka: anakimbiza gari, anaachia, anafurahia kipimo, anakimbiza tena. Hiyo ni hasara tupu. Kinachorudi ni sehemu tu ya ulichokwisha kutumia, maana kila nguvu inapopita kwenye mota na betri, kwenda na kurudi, sehemu yake inapotea kama joto. Na chenyewe si kikubwa. Gari la tani 1.8 likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, mwendo wake wote una kilowati-saa 0.19 hivi, yaani umeme wa kutembea kilomita moja tu au zaidi kidogo. Kwenye kilomita 50 kwa saa ni robo ya hapo. Upepo ulioupasua njiani haurudishi chochote. Ndiyo maana kwenye barabara kuu iliyonyooka, dereva anayeserereka huku akitazama mbali humshinda anayechaji na kukimbiza. Breki ya mota ina faida kubwa pale ambapo ungelazimika kushika breki kwa vyovyote: foleni, taa za barabarani, na zaidi ya yote miteremko. Gari hilohilo likishuka mlima wa mita 500, kuna takribani kilowati-saa 2.5 za kugawana kati ya betri, upepo na matairi.

Lakini mteremko ndio pia unaowaumbua wageni. Mtu amechaji mpaka asilimia 100, anaanza safari kwa kuteremka, anaachia aksileta kama alivyozoea, na gari halipungui! Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme. Betri yenye baridi kali nayo haipokei kwa kasi. Baadhi ya magari hujaziliza yenyewe kwa breki za kawaida, mengine hayafanyi hivyo. Soma kitabu cha gari lako ujue lako liko upande gani. Kama safari inaanza juu ya mlima, acha kuchaji ikifika asilimia 80 au 90. Na kila unapowasha gari, jaribu breki zote mbili, ya mota na ya kanyagio, kabla hujafika kwenye kona ya kwanza.

Kwenye utelezi rudi kiwango cha chini. Breki ya mota inashika yale magurudumu tu yanayoendeshwa na mota, na kama ni ya nyuma, kuachia ghafla katikati ya kona kunaweza kuyafanya yateleze. Mifumo ya gari hudhibiti hali hiyo, ila mimi sipendi kuipa kazi isiyo ya lazima.

Kuna na anayekufuata. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 13-H inataka taa za breki ziwake mota ikipunguza mwendo kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde kila sekunde. Chini ya 0.7 haziwaki. Kwa hiyo unapopungua taratibu na kuna gari limekuganda nyuma, gusa breki kidogo dereva wake aone taa. Usiogope kupoteza umeme: kwenye magari mengi, ukikanyaga breki kidogo ni mota inayotangulia kufanya kazi, pedi zinafuata ukizidisha. Likitokea la dharura, kanyaga breki kwa nguvu zote bila kuwazia betri.

Breki zenyewe zinahitaji kutumika. Pedi zinadumu sana, lakini diski zisizoguswa hushika kutu, hasa za nyuma. Ndiyo sababu mojawapo Volkswagen ID.3 imewekewa nyuma breki za ngoma, ambazo zimefunikwa, badala ya diski. Mara mojamoja, barabara ikiwa tupu na hakuna mtu nyuma, shika breki kwa nguvu kutoka mwendo wa kati mpaka zile kelele za mkwaruzo ziishe. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, hivyo yabadilishwe kwa tarehe iliyoandikwa kitabuni, hata kama fundi atakwambia pedi bado mpya.