Maswali yenu ya waranti: matope, maji na tairi kubwa

Maswali ya safari hii karibu yote yanauliza jambo moja: gari ni jipya, njia ni mbaya, kitu kikivunjika nani atalipa? Mengi yangejibiwa na kitabu kilicholala kwenye dashibodi tangu siku gari lilipotoka kwa muuzaji. Kifungueni. Hapa nimechukua yale yanayowagharimu watu zaidi.

Nimeambiwa gari likitoka tu kwenye lami, waranti inakufa. Ni kweli?

Si kweli. Aliyekuambia hivyo ama hajasoma waranti, ama hataki kuhangaika na dai lako. Waranti ya mtengenezaji inalipia kasoro ya kiwandani: sili (mpira wa kuzuia oili isivuje) iliyofungwa vibaya, bearingi yenye hitilafu, waya uliobanwa wakati wa kuunganisha. Hailipii ajali, mzigo uliozidi, mashindano, uzembe wa sevisi wala matumizi ambayo gari halikutengenezewa. Mota ya kioo cha dirisha ikifa ukiwa katikati ya pori, hiyo bado ni ya mtengenezaji. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ikipasuliwa na jiwe ni yako, hata kama jiwe lilikuwa mita mbili kutoka kwenye lami.

Aina ya gari ndiyo inayobadilisha hesabu. Mtengenezaji aliyekuuzia gari lenye 4H na 4L (magurudumu manne yakivuta, kwa gia za juu na za chini), na akakuandikia kwenye kitabu namna ya kupita mchangani, hawezi kugeuka akaita kupita mchangani matumizi mabaya. Gari la familia lililoinuliwa kidogo, ambalo nguvu huenda nyuma kwa klachi ya umeme, ni habari nyingine. Klachi ile hupata joto upesi kwenye mchanga mzito, kompyuta ikaikata, taa ya onyo ikawaka. Ukiona hivyo simama, acha injini ikiwaka, subiri dakika 10 hadi 15 ipoe. Ukiendelea kukanyaga mafuta mpaka iungue, onyo hilo huenda limeshahifadhiwa kwenye kompyuta, na fundi wa muuzaji atalikuta.

Nimefunga snokeli, nikavuka mto, injini ikazimika katikati. Waranti italipa?

Hailipi. Swali hili linarudi kila msimu wa mvua na jibu ni lile lile.

Snokeli inainua mahali injini inapovutia hewa, basi. Oltaneta inayochaji betri, nyaya, soketi za sensa na vipumulio vya difu (gia za kwenye ekseli) na giaboksi vinabaki chini vilipokuwa. Tena snokeli nyingi zinafungwa hovyo: viungo havipakwi silikoni, na tundu la kutolea maji ya mvua chini ya boksi la chujio la hewa linaachwa wazi. Maji yanaingilia hapo huku mwenye gari anaangalia bomba la juu akijiona salama.

Kina kinachoruhusiwa kimeandikwa kwenye kitabu. Kwa pikapu na magari makubwa ya 4x4 ya kisasa mara nyingi ni kati ya milimita 700 na 900, na ni kwa maji yaliyotulia, gari likienda mwendo wa mtu anayetembea. Mto unaotiririka si maji yaliyotulia. Mkondo wa kufika magotini unaweza kusukuma gari likatoka njiani, na watu wamefia hapo. Kama huthubutu kupita kwa miguu, usipite kwa gari.

Injini ikizimika ndani ya maji, usipige stata tena. Hewa inabanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikipanda ikakuta silinda ina maji, konrodi, mkono unaoshika pistoni, inapinda. Toa gari majini kwa kuvutwa, chomoa waya wa betri, fungua boksi la chujio. Kama chujio limelowa, toa plagi zote (za dizeli ni zile za kupashia joto), kisha zungusha injini kwa spana kwenye bolti ya kranki ili maji yatoke. Angalia oili kwenye dipstiki kabla ya kufikiria kuwasha. Injini nyingi huvumilia kumeza maji kidogo, zikauliwa na stata ya pili. Gharama hiyo ni ya bima, kama bima yako inagusa maji, na hilo lilitakiwa kusomwa kabla ya safari.

Oili ya difu imekuwa kama chai ya maziwa. Gari lina miezi saba. Naweza kudai?

Inategemea maji yaliingiaje. Difu ikitembea inapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea kwenye kipumulio. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ile inasinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimezibwa na matope, au kikiwa ndani ya maji, difu inavuta maji yenyewe, ama kupitia hapo ama kwenye sili za ekseli. Kama hukuzidi kina kilichoandikwa na ikaonekana kipumulio kilitoka kiwandani kikiwa kibovu au sili imekaa upande, una dai halali. Kama ulipita maji ya kufunika boneti, huna.

Usiendeshe gari ukisubiri jibu. Oili yenye maji inakula bearingi na meno ya gia, na muuzaji atasema uliendelea kutembea nalo ukijua, naye atakuwa na haki. Piga picha ya oili, omba ruhusa ya kuibadilisha, hifadhi kiasi kwenye chupa safi yenye tarehe.

Na kwa wote mnaovuka maji: gari likishalala usiku kucha, legeza kidogo nati ya kumwagia. Maji ni mazito kuliko oili, yatakuwa yametuama chini. Yakianza kutoka matone ya maji, umejua. Lakini kabla ya kugusa nati hiyo, fungua kwanza ya kujazia. Ukimwaga oili yote kisha ukakuta ya kujazia imegoma, gari halitoki hapo.

Nataka kuinua gari na kufunga tairi kubwa. Waranti itafutwa?

Haifutwi yote. Redio ikifa haina uhusiano na tairi. Lakini kila kilicho kwenye njia ya mabadiliko hayo kinageuka kuwa ubishi: sivi jointi (viungo vya shafti za magurudumu), boljointi (viungo vya sasipensheni), bearingi za magurudumu, propela (shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli), meno ya difu, stelingi.

Ukiinua zaidi ya milimita 50 hivi, sivi jointi za mbele zinafanya kazi kwa pembe kali kila wakati, raba zake zinajikunja na kupasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia. Propela nayo inaanza kutetema. Angalia pia mipira ya breki na nyaya za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifunga breki): gurudumu likining'inia, zisivutike.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Toka kwenye tairi la saizi 265/65R17 kwenda 285/70R17, kipenyo kinaongezeka kutoka milimita 776 hadi 831, yaani karibu 7%. Kilomita 10,000 kwenye dashibodi sasa ni kama 10,700 barabarani. Unachelewa sevisi kila mara bila kujua, na spidi yako halisi ni kubwa kuliko unayoiona. Rekebisha kipimo siku ile ile unapofunga tairi, na uandikiwe kwenye risiti.

Kama ni lazima kuinua, chukua vifaa ambavyo mtengenezaji mwenyewe anaviuza au kuvikubali, vifungwe na karakana yake, upewe karatasi. Mimi ningesubiri. Gari jipya liendeshe kwanza kama lilivyotoka. Watu wengi wanainua gari ambalo hawajajua linaweza nini kwa kupunguza tu upepo wa tairi.

Nikitoa chipu ya kuongeza nguvu kabla ya kupeleka gari kwa muuzaji, watajua?

Mara nyingi watajua. Kompyuta nyingi za kisasa zinahesabu mara zilizoandikwa upya, na presha ya tabo (pampu ya kusukumia injini hewa) iliyopita kiwango huacha alama. Na ukitoa chipu ukadai pistoni iliyoyeyuka ni kasoro ya kiwandani, huo ni udanganyifu. Sitakufundisha namna ya kuuficha.

Nimeendesha na 4H kwenye lami kavu kwa muda mrefu. Sasa lever haitoki. Ni kasoro?

Si kasoro kama gari lako halina difu ya katikati, ile inayoruhusu ekseli za mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea umbali mrefu kuliko ya nyuma; ekseli zikiwa zimefungwa pamoja, tofauti hiyo haina pa kutokea isipokuwa tairi liteleze. Lami haliachii, hivyo nguvu inajikusanya kwenye propela na gia za kugawia nguvu mbele na nyuma mpaka zinakaza. Rudi nyuma taratibu kwa mstari ulionyooka mita chache, au weka magurudumu ya upande mmoja kwenye changarawe, kisha jaribu. Usilazimishe lever.

Sevisi nikifanyia gereji ya mtaani, nitapoteza waranti?

Inategemea sheria ya nchi yako. Marekani, sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inamkataza mtengenezaji kufunga waranti kwenye vipuri vyake peke yake. Akikataa dai, aonyeshe kipuri cha nje ndicho kilicholeta uharibifu. Katika Umoja wa Ulaya pia kanuni za ushindani zinalinda haki ya kutumia gereji huru. Mahali ambapo hakuna ulinzi huo, ulichosaini ndicho kinachokuhukumu.

Popote ulipo, weka risiti zenye tarehe, kilomita, aina ya oili na namba za vichujio. Na usifuate ratiba ya gari la mjini. Vitabu vingi vina ratiba ya pili ya matumizi magumu, yaani vumbi, matope, kuvuta mzigo, ambayo mara nyingi inakata muda wa oili nusu. Chujio la hewa ndilo linaloua injini kimyakimya: likichanika kwa kupulizwa upepo wa kompresa, vumbi linapita, linakwangua silinda na ringi, linakula mapezi ya tabo. Fundi akifungua bomba na kukuta vumbi upande wa ndani, dai limekufa. Nunua jipya, usipulize.

Tairi limechanwa na mwamba ubavuni. Waranti ya tairi?

Hapana.

Shokapu mbili zinavuja kwenye kilomita 20,000. Muuzaji anasema ni njia mbaya.

Zipanguse zikauke, tembea siku mbili, angalia tena. Unyevu mwembamba karibu na sili unaweza kuwa wa kawaida. Oili inayotiririka mpaka chini ni kuvuja. Kisha kagua fimbo: iliyonyooka, isiyo na mkwaruzo, mwili usio na kidonda, hapo sili ndiyo imeshindwa na una hoja. Fimbo iliyopinda au raba ya kikomo iliyopondeka inaonyesha gari liligonga chini kwa kasi au mzigo ulizidi. Pima mzigo wako kwa mizani, usikisie. Pikapu yenye mzigo mwingi nyuma ya ekseli hupindisha hata chesisi.

Dai langu limekataliwa kwa mdomo. Nifanyeje?

Usikubali jibu la mdomo. Omba barua inayotaja kipuri kilichoharibika, sababu, na kifungu cha waranti kinachotumika. Omba kipuri chenyewe kihifadhiwe. Kikitupwa umepoteza ushahidi. Omba nakala ya misimbo ya hitilafu iliyosomwa kwenye kompyuta, yenye tarehe na kilomita. Tafuta mhandisi asiye na upande akikague kabla gari halijafunguliwa zaidi, maana likishapanguliwa kila mtu atakuwa na maelezo yake. Kisha peleka faili lote kwa mtengenezaji, juu ya muuzaji, na baada ya hapo kwa mamlaka ya kulinda walaji. Gari lisitengenezwe kwa pesa yako kabla hujapata majibu kwa maandishi.